Chumvi ya Maitu Inakwenda Wapi?

Mpwa wangu aliisimamisha filamu kabla haijafika mbali. Tulikuwa barazani kwa dada yangu, Katesh, kompyuta mpakato imewekwa juu ya kreti la soda, na Mlima Hanang umejifunika wingu hadi mabegani. Kwenye kioo, watu waliovaa sare walikuwa wanakimbia juu ya mashine zisizosogea, wengine wanavuta makasia pasipo na ziwa, ili mji wao upate umeme. Kijana yuko kidato cha tatu na fizikia anaipenda. Akanyoosha kidole juu ya bati, kwenye paneli ndogo inayowasha taa za nyumba na kuchaji simu za majirani, akasema, "Mjomba, hawa watu hawana sola?"

Filamu yenyewe inaitwa Pumzi. Aliitunga na kuiongoza Mkenya Wanuri Kahiu mwaka 2009, ina dakika 20 na kitu, na mwanzoni mwa 2010 ilionyeshwa kwenye tamasha la Sundance, Marekani. Kisa chake kinatokea miaka 35 baada ya vita ya tatu ya dunia, vita iliyopiganiwa maji. Waliosalia wanaishi ndani ya mji uliofungwa uitwao Maitu, ambako kila tone hupimwa, na mkojo na jasho husafishwa vikanywewa tena. Asha, mtunza makumbusho ya viumbe waliotoweka, analetewa udongo wenye unyevu usio na mionzi. Anautia mbegu, mbegu inachipua. Wakubwa wa mji wanamkatalia kutoka nje, wanampeleka kwenye zile mashine, naye anatoroka kwenda jangwani akiwa na mche wake na chupa ya maji.

Mimi nimekulia kwenye vibanda umiza, na humo sheria ilikuwa moja: steringi hafi. Mengine yote yalijadiliwa kwa kelele. Risasi zilizotoka kwenye bastola zilihesabiwa, na zikizidi sita mtu alisimama kudai haki. Kazi ya kuziba mapengo ilikuwa ya mtafsiri. Wakongwe kama Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, walikuwa wakiweka sauti yao juu ya filamu za kigeni na kueleza hata yale ambayo filamu yenyewe ilisahau kueleza. Pumzi ina maneno machache mno, na barazani kwetu hapakuwa na Lufufu. Ilibidi tujizibie wenyewe.

Kanuni yangu katika mijadala hii ni kwamba mtunzi ana haki ya uongo mmoja, ule anaouweka mlangoni. Akisema dunia imekauka, imekauka, wala sitamdai ushahidi. Ila akishaingia ndani, hesabu ya nyumba yake lazima aitunze mwenyewe. Maitu imejiwekea sheria ya kuhesabu matone, basi na sisi tukachukua daftari la kijana tukaanza kuhesabu matone.

Tulianza na mashine. Mtu mzima mwenye afya, akikanyaga pedeli kwa mwendo anaoweza kuuhimili siku nzima, hutoa kama wati 75. Kwa zamu ya saa 8 ni wati-saa 600, ambazo kwa lugha ya Luku ni uniti 0.6. Lakini mwili hugeuza kama robo tu ya nguvu ya chakula kuwa kazi. Robo tatu zinazobaki ni joto, na joto hilo lazima litoke. Kwa saa 8 ni uniti 1.8 za joto. Lita moja ya jasho ikikauka mwilini huondoka na kama uniti 0.67. Gawanya mwenyewe: kama joto lote litatoka kwa jasho, mfanyakazi mmoja wa Maitu anapoteza karibu lita 2.7 kwa zamu.

Kijana aliandika namba hiyo, akaipigia mstari mara mbili. Kisha tukauliza je, umeme alioutengeneza unatosha kulirudisha jasho lake? Kuchemsha lita moja ya maji mpaka yote yawe mvuke kunakula kama uniti 0.7. Yaani zamu nzima ya saa 8 haitoshi kukausha hata lita moja, na mtu huyo ametoa lita mbili na ushei. Mji unaochunga matone umejenga mtambo wa kuyamwaga.

Ni haki kuitetea filamu kidogo hapa. Wahandisi hawachemshi maji wakaacha joto la mvuke lipotee. Hulikamata na kulitumia kupasha maji yanayofuata. Ipo pia njia ya kuyasukuma maji kwa nguvu kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, na hiyo haihitaji kuchemsha kabisa. Mitambo mikubwa inayosafisha maji ya bahari kwa utando hutumia uniti 3 hadi 4 kwa lita 1,000. Kwa hesabu hiyo dakika tatu za pedeli zinatosha lita moja. Tatizo ni kwamba urea, kemikali iliyojaa kwenye mkojo, ina molekyuli ndogo zinazojipenyeza kwenye utando kwa urahisi kuliko chumvi. Ndiyo maana kwenye kituo cha kimataifa cha angani mkojo bado husafishwa kwa kugeuzwa mvuke. Lakini kwa jasho utando unafaa, na Maitu ikiwa nao inaponea hapo.

Haiponi kwenye swali la sola. Mita moja ya mraba ya paneli ya kawaida, jua likiwa limewaka, hutoa kama wati 200. Ikipata saa 5 nzuri inakupa uniti nzima, kuliko mtu na nusu anayekimbia kutwa, nayo haitoki jasho wala haili. Na jua la Asha huko nje ni la kupasua mawe. Nadhani Kahiu alizitaka zile mashine kwa sababu ya kile zinachosema kuhusu utawala wa Maitu: mwili wa raia ni mali ya mji, mpaka pumzi yake. Kama picha ya utawala ninaikubali kwa moyo wote. Kama mtambo wa umeme, mpwa wangu alikuwa sahihi tangu dakika za mwanzo.

Dada yangu alikuwa anachambua maharage pembeni, akitusikiliza bila kuinua kichwa. Ndipo akauliza swali ambalo sisi wawili, na daftari letu, hatukulifikiria. "Wanakula nini?"

Tulirudisha nyuma, tukatazama tena. Sikuona shamba humo, wala ghala, wala jiko. Basi tukarudi kwenye hesabu. Yule anayetoa wati 75 anateketeza kama wati 300 za chakula, na kwa saa 8 ni takriban kilokalori 2,000. Kwa unga wa mahindi hiyo ni zaidi ya nusu kilo. Dada aliacha maharage. "Nusu kilo ya sembe kwa uniti haijatimia moja?" Kwa mtu anayepima unga kwa kikombe kila jioni, hiyo inatosha kuufunga mjadala. Lakini kwa Maitu ubaya uko mbele zaidi. Kilo moja ya mahindi, kwa wastani wa dunia, hunyonya karibu lita 1,000 za maji mpaka ivunwe, nyingi zikiwa za mvua. Nusu kilo ni lita 500. Chupa ndogo ya Asha, ile inayopimwa kwa tone, ni kivuli tu cha maji halisi ya mji wake. Maji mengi yamejificha ndani ya chakula ambacho hatukionyeshwi. Anayelima mahindi Mbulu au ngano kwenye tambarare za Basotu anajua bila kufundishwa kwamba mvua isiponyesha kitakachomuua kwanza ni njaa, kiu itakuja baadaye. Hapo ndipo naliona tundu kubwa la filamu, na sijasoma mahali popote pamejadiliwa kwa uzito unaostahili.

Kijana alitaka kuongeza tundu lingine: bila miti, oksijeni wanaitoa wapi? Hapa nilimpinga. Tumezoea kuambiwa kwamba miti ikiisha tutakosa hewa mara moja, na si kweli. Angani kuna oksijeni nyingi mno. Ukihesabu pumzi za watu peke yake, binadamu wote tuliopo leo tungehitaji miaka laki kadhaa kuimaliza. Asha anaweza kutembea jangwani akapumua vizuri tu. Shida ingekuwa kwa waliojifungia. Mtu mmoja hutumia kama gramu 840 za oksijeni kwa siku. Kwenye kituo cha angani oksijeni hutengenezwa kwa kuyapasua maji kwa umeme, na kupata gramu 840 unahitaji karibu lita moja nzima ya maji. Filamu inaitwa Pumzi na muda wote inazungumza maji. Sijui kama Kahiu aliikusudia kemia hiyo, lakini ndani ya nyumba iliyofungwa pumzi hutengenezwa kwa maji, na inaliwa lita kwa lita.

Teknolojia ambayo watazamaji wengi huikataa ndiyo iliyo kweli zaidi: kunywa mkojo uliosafishwa. Mwaka 2023 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitangaza kwamba mitambo ya kituo cha angani imefikia kurudisha asilimia 98 ya maji ya wakazi wake, kuanzia mkojo na jasho hadi unyevu wa pumzi. Asilimia 98 inasikika kama yote. Sasa chukua simtanki la lita 1,000, kila tone lipite kwenye mtambo mara moja kwa siku, na kila mara upoteze mbili katika mia. Siku ya 35 limebaki nusu. Baada ya mwaka mmoja, ukifungua bomba, unapata kama glasi mbili na nusu, basi. Angani wanaokolewa na vyombo vinavyopeleka chakula na maji kutoka duniani. Maitu imejifungia miaka 35, na hakuna anayegonga mlango na ndoo. Ili simtanki hilo libaki hata nusu tu baada ya muda wote huo, mtambo usiruhusiwe kupoteza zaidi ya matone 5 au 6 katika kila matone 100,000. Kwa hiyo udongo wenye unyevu kutoka nje si muujiza wa pembeni wa kisa. Mji ule haukuwa na namna ya kuishi bila maji ya nje, na wakubwa waliomkatalia Asha ama hawajui hesabu, ama wanaijua na wameificha. Nikiitazama hivyo, ule ukali wao ambao mwanzoni niliuona wa kulazimisha unaanza kuwa na sababu.

Upande wetu huu, mambo ya maji yanayoonekana safi na si salama si ya filamu. Ukanda wa Bonde la Ufa una maji yenye floridi nyingi iliyotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya kaskazini vinazidi, na alama zake ni meno yenye rangi ya kahawia na, kwa walioyanywa miaka mingi, mifupa iliyopinda. Kuchemsha hakusaidii; maji yanapungua, floridi inabaki. Mhandisi Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali, Karatu, eneo ambalo zamani lilikuwa ndani ya wilaya ya Mbulu, alikulia kwenye maji ya namna hiyo. Akiwa mwalimu katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alitengeneza chujio linaloanza na mchanga, unaokamata uchafu na vijidudu, kisha maji yanapita kwenye chembe zilizoundwa kwa kipimo cha nanomita. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unene wa unywele mmoja ni karibu nanomita 80,000 au zaidi. Chembe hizo huchaguliwa kulingana na kilichomo kwenye maji ya mahali husika, floridi kwa hawa, madini mazito kwa wale. Mwaka 2015 alikuwa wa kwanza kupata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, inayotolewa na akademia ya kifalme ya wahandisi ya Uingereza. Kama mtunzi angeiweka kazi hiyo kwenye filamu, na mtoto wa kijiji cha Mbulu ya zamani kuwa ndiye mwenye mtambo, najua kibanda umiza kingesema nini: hapo wametupiga changa la macho.

Nayasema haya nikikumbuka Desemba 3, 2023. Asubuhi ile maji, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Hanang vikapita Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Wengi walisema mlima umelipuka. Ilibidi Serikali ieleze kwamba haikuwa volkano: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikuwa imenyonya mvua nyingi, ikameguka. Filamu zimetufundisha kwamba mlima ukinguruma lazima utoke moto, na maji peke yake hatukuyadhania uwezo huo. Mpwa wangu alikuwa mdogo zaidi wakati ule, na hadi leo mvua kubwa ikianza usiku huamka akakaa kitandani. Tangu siku hiyo nimekuwa mwangalifu na neno "haiwezekani" ninapojadili filamu.

Mjadala ulipamba moto mwishoni. Asha anachimba kwa mikono, anaupanda mche, anaumwagia maji yake ya mwisho, anaukinga jua kwa mwili wake mpaka anaanguka. Steringi anakufa. Kamera inapaa, mti unakua, na ukingoni mwa picha kijani cha msitu kinaonekana. Je, msitu huo ulikuwepo tangu awali, hatua chache kutoka pale alipoangukia? Au umetokana na mti wake, miaka mingi ikiwa imepita kwa pumzi moja ya kamera?

Mbegu yenyewe haina tatizo. Mwaka 2005 huko Israeli ilichipua mbegu ya mtende iliyofukuliwa kwenye magofu ya Masada, yenye umri wa karibu miaka 2,000. Kwa mbegu, miaka 35 ni usingizi wa mchana. Kipingamizi changu ni kwamba mti mmoja hauzai msitu. Chukua mbuyu wa bonde la Yaeda, kule Mbulu, ambako Wahadzabe hula matunda yake na kuchimba mizizi ya porini wanayotafuna, wakafyonza maji na kutema nyuzi. Ua la mbuyu hufunguka jioni, jeupe, likining'inia, na popo ndio wanaolihudumia usiku. Chavua ya mti uleule mara nyingi haizai tunda. Inahitajika kutoka kwa mbuyu mwingine. Mche wa Asha peke yake jangwani, bila jirani na bila popo, ungeweza kusimama karne nyingi ukafa bila mtoto. Kwa hiyo nilishikilia kwamba msitu ulikuwepo, na kwamba ule udongo wa siri ulitoka huko.

Kijana alisema hapana, nikishikilia hivyo nimemuua Asha bure. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Hoja yangu ilikuwa kwamba msitu wa kale unaweza kuupokea mti mpya, na mti mpya ukausogeza mpaka wa msitu. Watu wa Yaeda wanaielewa thamani ya mpaka huo. Vijiji kama Mongo wa Mono vimekuwa vikilipwa kwa kuilinda miti yao isikatwe, kwa sababu ya kaboni ambayo miti hiyo inashikilia, kupitia mradi wa Carbon Tanzania. Mti unalipwa kwa kusimama na kupumua. Ungenisimulia kisa hicho nikiwa kibanda umiza mwaka 1995, ningekizomea.

Kesho yake tulishuka Ziwa Balangida. Ilikuwa kiangazi, ziwa limerudi nyuma na kuacha uwanda mweupe unaong'aa hadi macho yanauma, na nyayo za ng'ombe zimekauka juu yake. Balangida halina mto unaotoka. Maji ya mlima na ya mvua huingia, jua huyapandisha, na kila kilichoyeyuka ndani yake hubaki. Tulijaza galoni la lita 5 kwenye dimbwi, tukarudi nalo Katesh.

Tuliweka lita mbili kwenye beseni jeusi, katikati kikombe kitupu, juu tukafunika nailoni na kuifunga kwa mpira wa baiskeli, kisha kokoto moja katikati ili nailoni ibonyee juu ya kikombe. Mtambo wa kioo uliotengenezwa vizuri, wenye mita moja ya mraba, unaweza kutoa lita 3 hadi 5 kwa siku ya jua. Wetu ulitoa nusu kikombe kufikia saa kumi na moja jioni. Kijana aliyanywa. Alisema hayana ladha yoyote, akampa mama yake, naye akasema hivyo hivyo.

Tuliacha beseni wazi siku mbili zaidi. Maji yaliyobaki yalipoisha, chini kulikuwa na ukoko mweupe, mzito pembeni, mwembamba katikati, wenye mistari kama ya jasho kwenye shati. Kijana aliukwangua kwa kijiko, akaukusanya kwenye karatasi ya daftari, ukurasa uleule wa hesabu. Akafungua kompyuta, akaisogeza filamu mpaka pale Asha anapopokea chupa yake kutoka kwenye mtambo, akaisimamisha. Alitazama ukuta wa nyuma ya mtambo, kushoto na kulia, akitafuta bomba la kutolea uchafu.

"Mjomba," akasema, karatasi mkononi, "miaka 35 hii wameitupa wapi?"